Akiba ya Chama ni Ghala la Siku za Dhiki

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, twaona yafaa kuwakumbusha wanachama habari za waliotutangulia katika ushirika, ili tujifunze kuisoma hesabu ya chama kwa miaka mingi, wala si kwa msimu mmoja.

Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji wa nguo na mafundi wengine walifungua duka dogo la siagi, sukari, unga na mishumaa. Walikuwa watu 28, na mtaji wao paundi 28. Kufikia mwaka 1860 wanachama walikuwa 3,450, na mauzo ya mwaka huo yalifika paundi 152,063.

Mwenye kusoma kwa haraka angesema, “Chama hiki ni tajiri.” Lakini sehemu kubwa ya mtaji huo ilikuwa akiba ya wanachama wenyewe, nao waliweza kuidai. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, viwanda vya Lancashire vikasimama, na watu wakakosa mshahara. Wengi walitoa akiba zao wapate kula. Katika mwaka 1862 mtaji ulishuka kutoka paundi 42,925 hadi 38,465, na mauzo kutoka paundi 176,206 hadi 141,074. Hata hivyo duka halikufungwa. Mwaka 1863 wanachama walikuwa 4,013.

Chama hicho kilikuwa na desturi njema tangu mwanzo. Kiliuza kwa fedha taslimu, hakikukopesha. Hesabu zilisomwa mbele ya wanachama kila robo mwaka, na faida haikugawanywa kabla ya kutoa gharama zote.

Basi, ndugu wakulima, hesabu inaposomwa mkutanoni tuulize mambo matatu. Katika fedha hizi, zipi ni za chama na zipi zaweza kudaiwa kesho? Fungu la akiba lingali fedha, au limekwisha kuwa matofali ya ghala na magurudumu ya lori? Na bei ya mazao ikianguka misimu miwili, tutaweza kulipa?

Nanyi viongozi, msichukizwe na maswali hayo. Mwaka wa neema kila mtu hutaka malipo ya pili yawe makubwa, na anayesema “tubakize” huonekana mchoyo. Lakini mkulima hali mbegu yake yote, hata mavuno yakiwa mengi namna gani. Akiba haba, haba na haba, hujaza kibaba.