Dalali na Ghala katika Miji ya Pwani

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ametuachia habari ya ada moja ya bandari ile ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo mlango wa kuingilia katika historia ya udalali wa pwani yetu. Asema kwamba chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi tajiri mmoja miongoni mwa waliomo chomboni na kunena kuwa huyu ni mgeni wake. Na tangu saa hiyo tajiri yule hakushukia ila nyumba ya mwenyeji wake, isipokuwa awe ni mtu aliyezoea kuja na kujuana na watu wa mji, kwani huyo alikuwa na hiari ya kushukia apendapo. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na ndiye aliyemnunulia alizozihitaji. Na mtu aliyethubutu kununua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au kumuuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa imebatilika.

Kazi ambazo leo zimetawanyika kwa watu mbalimbali zilikusanyika hapo kwa mtu mmoja, maana aliyempa mgeni malazi ndiye aliyekuwa dhamana wa mali yake, na ndiye aliyemtafutia mnunuzi. Mgeni hakuwa na karatasi ya kumthibitishia kwamba mwenyeji wake ni mwaminifu. Alilokuwa nalo ni yakini kwamba mtu yule ana jamaa na jina katika mji, na kwamba akimdhulumu tajiri mmoja, msimu ujao sahani yake haitapokelewa na mtu. Udalali wa namna hiyo ulisimama juu ya hasara ambayo dalali mwenyewe angeipata endapo angekosa uaminifu, na sijaona msingi mwingine ulioushinda katika karne zilizofuata.

Wanazuoni walikuwa wamekwisha kulijadili jambo hili zamani sana. Bukhari, katika mlango wa ujira wa dalali, ataja kwamba Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya kuupokea; na upande wa pili yako makatazo mashuhuri kwamba mtu wa mji asimuuzie mtu wa jangwani, ambayo Ibn Abbas, alipoulizwa maana yake, aliyafasiri kuwa asiwe dalali wake. Ujira basi ni halali, bali anayesimama baina ya mleta bidhaa asiyejua bei na soko linalomngoja ametazamwa kwa tahadhari, kwa kuwa aweza kuizuia mali ghalani mpaka bei ipande, na wenye kudhurika ni watu wa mji.

Unguja ya Seyyid Said bin Sultan ilikuwa mji wa maghala kuliko ulivyokuwa mji wa majumba ya fahari. Pembe, sandarusi, karafuu na majora ya merikani vilipita forodhani, mahali ambapo Richard Burton, alipofika katika miaka ya 1850, alipastaajabia kuona mali nyingi hivyo ikibadilisha mikono chini ya banda refu la paa duni lililosimamishwa juu ya miti isiyochongwa. Mali iliyotoka hapo ilichukuliwa na mahamali hadi katika nyumba za matajiri, ambazo aghalabu orofa yake ya chini ilikuwa ghala au duka, na watu wakilala juu. Kwa hiyo aliyenunua nyumba alinunua pia mahali pa kuhifadhia, na dalali aliyemwonyesha alipaswa kujua unyevu wa kuta na upana wa mlango kama alivyojua bei.

Lakini mkubwa wa watu wa kati katika mji huo hakuwa dalali wa mitaani. Jairam Shivji, Mbaniani aliyekuwa amekodi ushuru wote wa forodha kutoka kwa Seyyid, alijua kila mzigo ulioingia na ulikokwenda kulala. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid na Marekani uliwapa Wamarekani uhuru wa kununua na kuuza na ukaweka ushuru wa asilimia 5. Na Richard Waters wa Salem, aliyekuja kuwa balozi wao mwaka 1837 huku akifanya biashara yake mwenyewe, alitambua upesi kwamba uhuru ulioandikwa una faida ndogo pasipo urafiki wa mwenye forodha. Wawili hao wakashirikiana, na wafanyabiashara wengine, Wamarekani na Waingereza, wakanung'unika kwamba bidhaa na wanunuzi vimefungiwa mkono mmoja. Waters alichagua vizuri kwa nafsi yake, hilo halikanushiki. Aliyekuja nyuma yake akamtumia Jairam, naye asijue kwamba mtu huyo amekwisha fungamana na mshindani wake, alikuwa amejiuza kabla hajauza kitu.

Shida iliyokuwa nzito zaidi ilihusu milki yenyewe. Riba ikiwa haramu, na mwenye shamba au nyumba akihitaji fedha kabla ya mavuno, ilienea Unguja na Pemba desturi ya bei khiyari: mtu huuza nyumba yake kwa kiasi fulani cha riale kwa sharti kwamba akizirudisha katika muda uliowekwa nyumba itamrudia, na katika muda huo hubaki humo humo akiwa mpangaji, akilipa kodi ambayo kila mtu alijua inasimama mahali pa riba. Mbele ya kadhi na mashahidi ilikuwa bei. Katika nyoyo za watu ilikuwa rahani, na mahakama za Waingereza baadaye zilielekea kuihesabu hivyo. Sasa mfikirie mnunuzi mgeni aliyeonyeshwa ghala zuri karibu na pwani, akakubaliana na yule aliyekuwa ameshika waraka, akatoa arubuni, kisha akaja mtu na mfuko wa riale kudai mali ya baba yake ambayo muda wa khiyari haujakwisha! Na kama si khiyari, huenda ikawa shufaa, ambayo katika madhehebu ya Shafii humpa mshirika katika milki haki ya kuitwaa sehemu iliyouzwa kwa bei ile ile; au huenda ghala likawa wakfu, ambalo halikuwa la kuuzwa asilani. Dalali aliyestahili ujira wake alikuwa yule aliyejua ni waraka upi ulioandikwa kwa katibu gani, na ni ndugu wangapi walioachiwa urithi. Kuujua mlango wa ghala ilikuwa kazi nyepesi. Hata mtoto wa mtaa ule angeweza kuuonyesha.

Waingereza walijaribu kuitibu shida hiyo kwa daftari. Huko Mombasa sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya ukanda wa pwani wayapeleke kwa msajili, na hati zikaanza kutolewa. Hati, hata hivyo, haikuweza kumwambia mtu kwamba thamani ya ghala hufuata meli. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na meli za moshi zikapendelea Kilindini, ambako magati ya maji marefu yalifunguliwa mwaka 1926, bandari ya kale ikabaki na majahazi, na mwenye ghala Mji wa Kale aliyekuwa na hati safi kabisa akaona wapangaji wake wakihamia ng'ambo ya kisiwa. Hilo lilikuwa jambo la kuambiwa na dalali mwenye macho, na wale waliopewa ujira kwa kila kilichouzwa hawakuwa na sababu ya kulisema.

Huku Tanganyika mambo yalikatwa kwa sheria: mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na udalali wa majumba makubwa ukakosa cha kuuza kwa muda mrefu. Kenya ilishika njia nyingine, ikapitisha mwaka 1984 sheria ya kuwasajili mawakala wa mali zisizohamishika.

Siku hizi wako watu wetu wanaonunua majengo na kuyagawa vyumba vidogo vya kuwapangisha wenye vyombo na bidhaa, biashara iliyopata nguvu Marekani kuanzia miaka ya 1960. Kwao maswali ni yale yale ya Unguja: waraka uko kwa nani, warithi ni wangapi, na barabara ya malori inaelekea wapi. Ila kabla ya hayo yote, ewe msomaji unayetafuta ghala, mwulize dalali wako ni nani mwingine anayemlipa, na usitoe arubuni mpaka akujibu.