Matibabu ni bure, lakini nani analipa? Jinsi huduma za afya za serikali zinavyogharamiwa Ngarama, Nakivale na Mbarara

Ukienda kwenye kituo cha afya cha serikali huku Ngarama, au kwenye vituo vya makazi ya Nakivale, hutakiwi kulipa ili uonwe na daktari. Kwa waliotoka Kongo, ambako mgonjwa hulipa fishi kwanza ndipo apimwe, jambo hili linashangaza mwanzoni. Lakini siku nyingine unaandikiwa dawa ukanunue dukani, au unapewa rufaa ya Mbarara na kuambiwa utafute nauli. Hapo wengi huuliza: hii ni bure ya namna gani?

Ukweli ni kwamba hakuna huduma isiyolipiwa. Kila sindano unayochomwa imeshalipiwa na mtu kabla hujafika. Walipaji ni kadhaa, na kila mmoja hulipia sehemu yake. Ukijua nani amelipia nini, utajua cha kuuliza, usichopaswa kulipa, na mahali pa kupeleka malalamiko.

"Bure" ilianza lini?

Katika miaka ya 1990, wagonjwa katika vituo vingi vya serikali ya Uganda walichangia gharama. Mwezi Machi 2001, serikali iliondoa malipo hayo nchi nzima, na watu maskini wakaanza kufika vituoni kwa wingi zaidi.

Kuna sehemu mbili ambazo bado zinatoza. Ya kwanza ni wodi za kulipia ndani ya hospitali kubwa za serikali. Ya pili ni hospitali za mashirika ya dini, kama Ruharo mjini Mbarara. Hospitali hizi hazitafuti faida, na baadhi hupata ruzuku ya serikali, lakini ruzuku haitoshi kuziendesha.

Mkimbizi hatengwi katika mpango huu. Sera ya Uganda ni kwamba anatibiwa katika kituo cha serikali sawa na raia. Na mwenyeji wa Isingiro anaweza kutibiwa katika vituo vilivyo ndani ya makazi.

Fedha za serikali hupita njia tatu

*Mishahara.* Mhudumu aliyeajiriwa na serikali hulipwa mshahara wake kupitia benki. Kwa vituo vya afya, mwajiri ni wilaya ya Isingiro. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara ina fungu lake yenyewe katika bajeti ya taifa. Kwa hiyo ukiombwa "kitu kidogo" ili upimwe, unaombwa kulipia kazi ambayo imeshalipiwa.

*Fedha za uendeshaji.* Kila robo mwaka, Wizara ya Fedha hutuma ruzuku ya afya ya msingi kwa ajili ya vituo. Ndiyo inayolipia usafi, umeme, matengenezo na safari za chanjo vijijini. Ni fedha kidogo, na ikichelewa, mambo hukwama. Kiasi kilichopokelewa kinatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Una haki ya kukisoma.

*Dawa.* Kituo hakipewi fedha taslimu za kununua dawa. Tangu mwaka wa bajeti 2009/10, fedha za dawa huwekwa kwenye Bohari ya Taifa ya Dawa, NMS. Bohari hununua kwa niaba ya nchi nzima na kusambaza kila baada ya miezi miwili. Vituo vya ngazi ya pili na ya tatu hupata boksi lililopangwa tayari. Vituo vya ngazi ya nne na hospitali huagiza kulingana na mahitaji yao, ila hawawezi kuvuka bajeti waliyowekewa.

Hii ndiyo sababu moja kubwa ya dawa kuisha. Boksi hupangwa mapema kwa idadi fulani ya wagonjwa. Malaria ikipanda, au familia mpya zikipokelewa Nakivale, dawa za miezi miwili zinaweza kuisha katika wiki chache. Si kila mara kwamba zimeibwa. Lakini wizi nao upo, na ndiyo maana dawa za serikali huwekwa alama ya kuonyesha kwamba haziuzwi. Ukiiona alama hiyo kwenye dawa za dukani, toa taarifa.

Sehemu ya UNHCR na mashirika

Serikali peke yake haiwezi kubeba Nakivale, makazi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950. UNHCR huingia mkataba na shirika la afya, ambalo huajiri wahudumu wa ziada, huongeza dawa na kusafirisha wagonjwa wa rufaa. Ndiyo maana katika kituo kimoja unaweza kukuta muuguzi wa wilaya na muuguzi wa shirika wanafanya kazi pamoja.

Mwaka 2019 Wizara ya Afya ilizindua mpango wa kuunganisha huduma za wakimbizi na za wenyeji, ili vituo vya makazi viingie polepole chini ya wilaya. Mpango huo ni mzuri, lakini una swali gumu: shirika likiondoka, mishahara yake italipwa na nani? Mwaka 2025, UNHCR ilipopunguziwa fedha duniani kote, swali hilo lilizidi kuwa zito. Kituo kikihamia wilayani bila fedha za kutosha, jengo linabaki palepale lakini wahudumu wanapungua.

Njia nyingine: kulipia kazi iliyofanyika

Njia tulizozitaja hulipia kituo kabla ya kazi. Kuna njia nyingine, ya kulipia huduma baada ya kutolewa. Eneo letu la kusini magharibi linaijua. Katika mradi wa HealthyBaby, ulioanza 2008, mama mjamzito alinunua vocha kwa shilingi 3,000 tu. Vocha hiyo ilimlipia kliniki ya ujauzito, kujifungua, na hata upasuaji ukihitajika. Kliniki ililipwa na mradi kwa kila mama iliyemhudumia. Baadaye, mradi wa URMCHIP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliwalipa vituo kulingana na idadi na ubora wa huduma zilizokaguliwa.

Njia hii humpa mhudumu sababu ya kumpokea mgonjwa vizuri. Ugumu wake ni kwamba inahitaji wakaguzi, na mradi ukifungwa, fedha zinakatika.

Bima je? Rwanda ina bima ya afya ya jamii, mutuelle, ambapo kila kaya huchangia. Kenya ilianzisha mpango wake mpya wa bima, unaosimamiwa na SHA, mwaka 2024. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bima ya taifa mwezi Machi 2021, lakini haukuwa sheria. Kwa hiyo atakayekuuzia "kadi ya bima ya serikali" katika makazi, usimpe fedha.

Ukipewa rufaa kwenda Mbarara

- Anzia kituo cha afya cha karibu. Shirika hugharamia rufaa iliyopitia kwao. Ukienda mwenyewe, huenda gharama zikawa zako.
- Ikiwa ni dharura, kama damu nyingi, degedege au uchungu uliokwama, usingoje karatasi. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, na umwahishe mgonjwa kituoni.
- Beba barua ya rufaa, kitambulisho au karatasi ya familia, na majibu ya vipimo.
- Kabla ya kuondoka, uliza: ambulansi ipo? Nani atalipia kipimo ambacho hospitali haina? Tumpigie nani tukifika? Tutarudi vipi?
- Ukifika, sema unataka wodi ya kawaida. Wodi ya kulipia ni hiari yako.
- Kabla ya kulipa popote, uliza kama malipo ni rasmi. Ukilipa, dai risiti.

Wapi pa kuuliza na kulalamika

Anza na msimamizi wa kituo. Kisha nenda kwa kamati ya usimamizi wa kituo, HUMC, ambayo ina wajumbe kutoka kwa jamii. Wakimbizi wanaweza kupiga simu ya bure ya UNHCR, 0800 323 232. Wizara ya Afya nayo inapokea simu za bure kupitia 0800 100 066. Taja tarehe, kituo na kilichotokea. Huhitaji kugombana na mhudumu aliye mbele yako. Mara nyingi yeye mwenyewe anangoja boksi lilelile la dawa.

Kamati ikiitisha mkutano, nenda, uwe mkimbizi au mwenyeji. Uliza maswali matatu: robo hii tumepokea shilingi ngapi, dawa zilifika lini, na ni dawa gani ziliisha kwanza? Maswali hayo yana majibu, na majibu hayo ni yako kuyajua.