Mafuta ya mimea ya kupaka ngozi

Mafuta ya mimea ya kupaka ngozi ni mafuta yanayokamuliwa kutoka katika mbegu, kokwa au nyama ya matunda, kisha kutumiwa kulainisha ngozi na kuizuia isikauke. Yale yanayoganda katika joto la kawaida la chumba, kama ya shea na ya kakao, huitwa pia siagi, ingawa hayana maziwa ndani yake. Katika Afrika Mashariki yanayojulikana zaidi ni mafuta ya nazi, ufuta (simsim), alizeti, nyonyo, parachichi, ubuyu na mwarobaini.

Faida yake kubwa ni moja: kuisaidia ngozi itunze maji yake. Hilo si jambo dogo kwa mtoto njiti, kwa mzee au kwa mtu mwenye pumu ya ngozi (ukurutu). Madai mengine mengi yanayobandikwa kwenye chupa, kama kufuta michirizi, kuzuia mionzi ya jua au kung'arisha, ama hayajathibitishwa, ama yamepimwa na kuonekana si kweli. Dai la kuzuia jua ndilo la hatari zaidi, hasa kwa watu wenye ualbino.

Namna yanavyofanya kazi

Tabaka la nje kabisa la ngozi limejengwa kwa seli bapa zilizokufa, zilizopangwa kama matofali. Katikati ya matofali hayo kuna mafuta ya mwili wenyewe, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, ambayo hushika nafasi ya saruji. Ukuta huo, ambao katika sehemu nyingi za mwili ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari, huzuia maji ya mwili yasipotee hewani na huzuia vijidudu visiingie. Sabuni kali, maji ya moto na upepo mkavu huondoa sehemu ya saruji hiyo. Hapo ngozi hupauka, huwasha na mwisho hupasuka.

Mafuta yanayopakwa hufunika ukuta huo ili maji yasitoke kwa kasi, na pia hujaza nyufa ndogo kati ya seli zilizoanza kubanduka, ndiyo maana ngozi huwa laini mara moja. Lakini mafuta hayaongezi maji. Hutunza tu yaliyopo. Kwa sababu hiyo hupakwa ngozi ikiwa bado na unyevu, dakika chache baada ya kuoga. Mwanafunzi anaweza kulijaribu hili bila maabara: apake mguu mmoja mara tu baada ya kujikausha, na mwingine saa moja baadaye, halafu ailinganishe jioni.

Inafaa kusema pia kwamba mafuta ya mgando, yanayotokana na petroli, hufunika ngozi na kuzuia upotevu wa maji vizuri kuliko mafuta ya mimea, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Neno "asilia" linaeleza kitu kimetoka wapi. Halielezi kama kinafaa.

Asidi za mafuta

Kikemia, karibu mafuta yote ya mimea ni trigliseridi: molekuli ya gliseroli iliyoshikamana na asidi tatu za mafuta. Kinachotofautisha mafuta ya nazi na ya alizeti ni aina ya asidi hizo.

Iliyo muhimu zaidi kwa ngozi ni asidi ya linoleiki. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza, nao huihitaji ili kujenga seramidi za ukuta uliotajwa hapo juu. Jambo hili lilianza kufahamika mwaka 1929, wakati George Burr na mke wake Mildred, wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, walipowalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Ngozi na mikia ya panya hao iliota magamba. Walipopewa kiasi kidogo cha mafuta yenye asidi hiyo, walipona.

Asidi ya oleiki, ambayo ni nyingi katika zeituni na parachichi, ina tabia tofauti. Hupenya kati ya seli na kuuvuruga mpangilio wa saruji. Watengenezaji wa dawa huitumia makusudi ili dawa ipenye ngozi. Kwa ngozi yenye afya madhara yake si makubwa, ila kwa ngozi iliyokwisha kudhoofika huongeza tatizo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapaka watu wazima mafuta ya zeituni kwenye mkono mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Ukuta wa ngozi ulidhoofika na wekundu kidogo ukaonekana, hata kwa watu wasio na historia ya ugonjwa wa ngozi. Mafuta ya alizeti hayakuleta madhara hayo. Matokeo hayo yalishangaza wengi, kwa kuwa katika nchi nyingi wakunga huwashauri kina mama kutumia mafuta ya zeituni kwa watoto wachanga.

Mafuta ya alizeti na ufuta

Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki nyingi, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta yote. Zipo mbegu zilizoboreshwa zenye oleiki nyingi zaidi, nazo hupendwa kwa kukaangia kwa sababu haziharibiki upesi. Kwa ngozi hazina sifa ileile.

Ushahidi wenye uzito zaidi juu ya mafuta yoyote ya mimea unatoka Bangladesh. Katika hospitali ya watoto ya Dhaka Shishu, watoto waliozaliwa kabla ya wiki ya 33 walipakwa mafuta ya alizeti mara kadhaa kwa siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba maambukizi waliyoyapata hospitalini yalipungua kwa asilimia 41 wakilinganishwa na wasiopakwa. Ngozi ya mtoto njiti haijakomaa: hupoteza maji na joto kwa kasi na bakteria hupita kwa urahisi. Kwa mtoto wa namna hiyo kazi ya mafuta ni kuziba njia ya maambukizi. Hata hivyo, jambo hilo hufanywa kwa maelekezo ya wahudumu wa wodi, kwa mafuta yaliyosafishwa na mikono iliyonawiwa.

Ufuta, unaolimwa sana Lindi na Mtwara, una oleiki na linoleiki kwa viwango vinavyokaribiana. Mafuta yake yana vizuiaoksidi vya asili vinavyoyafanya yadumu kuliko mtu angetarajia.

Mafuta ya nazi

Katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwani, mnazi (Cocos nucifera) ndio chanzo cha zamani cha mafuta ya mwili na nywele. Kuna njia mbili za kuyapata. Nyumbani nazi hukunwa kwa mbuzi, tui hukamuliwa na kuchemshwa kwa moto mdogo mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge na mashapo. Viwandani hukamuliwa mbata, yaani nazi iliyokaushwa. Mafuta ya tui hubaki na harufu ya nazi. Ya mbata husafishwa na kuondolewa harufu. Tui lililoungua chini ya sufuria hutoa mafuta ya rangi ya kahawia yenye harufu ya moshi. Hayo hayana sumu, lakini wanunuzi huyakataa.

Karibu nusu ya mafuta haya ni asidi ya lauriki. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za selsiasi, na kwa hiyo chupa ileile ni kimiminika Tanga na imeganda Njombe. Kuganda si dalili ya kuchakachuliwa.

Asidi ya lauriki hudhoofisha baadhi ya bakteria, wakiwemo wale wa Staphylococcus aureus wanaopenda kuishi kwenye pumu ya ngozi. Nchini Ufilipino, jaribio la mwaka 2014 lililinganisha mafuta ya nazi yasiyosafishwa kwa kemikali na mafuta ya madini kwa watoto wenye pumu ya ngozi isiyo kali. Baada ya wiki 8, waliopakwa ya nazi walikuwa wamepata nafuu zaidi. Ni jaribio moja la nchi moja, lakini lilifanywa vizuri. Nchini Madagaska, dawa ya kupaka miguuni iliyotengenezwa kwa msingi wa mafuta ya nazi ilipunguza sana mashambulizi ya funza ilipopakwa kila siku.

Upande wa pili, mafuta ya nazi huziba vinyweleo na huweza kuongeza chunusi usoni. Pia fangasi wa jenasi Malassezia, ambao husababisha mba na mabaka ya kifuani na mgongoni, hujilisha asidi za mafuta. Mtu mwenye mba anayezidi kupaka mafuta kichwani ili "kuulainisha" huenda anawalisha fangasi wake.

Siagi ya shea na ya kakao

Mti wa shea (Vitellaria paradoxa) huota katika ukanda wa savana kuanzia Senegal hadi Sudan Kusini na Uganda. Spishi ndogo ya mashariki, nilotica, inapatikana kaskazini mwa Uganda, ambako Waacholi huita mafuta yake moo yaa. Yana oleiki nyingi kuliko ya Afrika Magharibi, hivyo ni laini zaidi na huyeyuka mapema mkononi. Siagi ya shea ina pia kiasi kikubwa cha viambato visivyogeuka sabuni, na hivyo ndivyo watengenezaji wa vipodozi wanavyovitafuta. Mti huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vya kutosha, lakini hukatwa kwa ajili ya mkaa, kwa sababu gunia la mkaa huleta fedha leo. Mwaka 2023 Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda. Shea ni miongoni mwa miti iliyokuwa ikiteketea.

Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili. Husifiwa kwa kuzuia michirizi ya ujauzito. Dai hilo limepimwa kwa wajawazito wa Lebanoni (2008) na wa Jamaika (2010), na mara zote mbili krimu ya kakao haikufanya vizuri kuliko krimu isiyo na kakao. Michirizi hutokana na kuchanika kwa nyuzi zilizo ndani zaidi, ambako mafuta hayafiki.

Mafuta mengine

Mafuta ya nyonyo (mbarika, Ricinus communis) ni mazito sana kwa sababu ya asidi ya risinoleiki, ambayo ni karibu asilimia 90. Hufaa visigino vilivyopasuka. Mbegu zake zina risini, sumu kali. Sumu hiyo ni protini na hubaki kwenye mashudu, kwa hiyo kutafuna mbegu ni hatari ilhali mafuta yaliyokamuliwa vizuri hayana risini.

Mafuta ya mwarobaini ni machungu na yana harufu kali. Hupakwa, hayanywewi: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti katika jarida la Lancet watoto waliougua vibaya ini na ubongo baada ya kunyweshwa.

Jua na rangi ya ngozi

Hakuna mafuta ya mimea yanayoweza kuchukua nafasi ya losheni ya kuzuia mionzi ya jua. Namba zinazosambazwa, kwamba mafuta ya nazi au zeituni yana SPF ya 7 au 8, zinatokana na kipimo cha maabara ambamo mafuta yalichanganywa na alkoholi na kumulikwa katika kichupa. Ngozi ya binadamu haikuhusishwa. Na hata kama namba hizo zingekuwa kweli, zingekuwa mbali na 30, kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa kawaida.

Kwa watu wenye ualbino kosa hili huua. Ngozi yao haina melanini ya kutosha, na saratani ya ngozi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao vya mapema barani Afrika. Huko Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC hushiriki katika utengenezaji wa losheni ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili yao na hugawiwa bure kliniki. Mzazi anayempaka mtoto wake mafuta ya nazi na kumpeleka shambani saa sita mchana hajamkinga. Anahitaji losheni, kofia pana na nguo ya mikono mirefu.

Vilevile mafuta ya mimea hayabadilishi rangi ya ngozi. Bidhaa inayoitwa ya "asilia" ikimng'arisha mtu ndani ya wiki mbili, ina kitu kingine: hidrokwinoni, zebaki au steroidi, viambato vilevile vya mkorogo vinavyokatazwa katika vipodozi nchini Tanzania na Kenya.

Utunzaji na tahadhari

Mafuta yenye linoleiki nyingi huchacha upesi, na yaliyochacha huwasha ngozi. Huwekwa kwenye chupa ya rangi nzito, mbali na jiko. Ya nazi na ya shea hudumu zaidi. Mafuta mapya hujaribiwa kwanza ndani ya kiwiko kwa siku mbili, hasa kwa mtu mwenye mzio wa karanga au ufuta.

Mtoto mchanga hapakwi mafuta puani wala masikioni, na kitovu huachwa kikavu, isipokuwa kwa dawa iliyotolewa na mhudumu wa afya. Jeraha jipya la moto humwagiwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mafuta hufunika joto ndani. Upele na mapunye huhitaji dawa yake. Tena mafuta ya aina yoyote, ya mimea au ya mgando, hudhoofisha mpira wa kondomu na kuufanya upasuke.