Kanieneo ndani ya chupa ya wanzuki

Kaliua, pale reli ya Kigoma inapochepuka kwenda Mpanda, ni nchi ya miombo na mizinga. Penye asali wanzuki haukosekani: asali, maji na hamira. Ukichachuka kibuyuni hewa ina pa kutokea. Ukifungwa ndani ya chupa kuukuu ya bia, kizibo kikapigiliwa, usiku husikika mlio. Watu watasema presha ilizidi.

Presha ni neno la mtaani, na la zahanati pia. Fundi wa matairi husema upepo. Watabiri wa hali ya hewa, mgandamizo. Vitabu vya fizikia vina kanieneo, yaani kani igawanywe kwa eneo, nami nalipenda kuliko yote kwa kuwa limebeba hesabu yake lenyewe.

Chukua wanzuki uliofungwa mapema, umebakiwa na gramu 20 za sukari kwa lita. Hamira itaila, na karibu nusu ya uzito huo itageuka hewa ukaa. Kwa joto la kule, kanieneo inaweza kufika angahewa 5 kuzidi hewa ya nje. Tairi la gari dogo hujazwa 2 na ushei. Kanieneo hiyo ni moja chupa nzima, maeneo ndiyo hayalingani. Kizibo cha sentimita za mraba 3 kinasukumwa kama kwa uzito wa kilo 15. Kitako cha sentimita za mraba 28, kilo 140. Ukikaza kizibo kwa waya, umeihamishia balaa kwenye kioo.

Na kioo chenyewe kimechoka. Igeuze chupa juani: begani na karibu na kitako utaona mkanda mweupe wa mikwaruzo, alama za kusuguana kretini. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwamba kani hujikusanya kwenye ncha ya ufa, hata ule usioonekana, kioo kikavunjika mapema mno. Kuichemsha chupa hakuzibi ufa. Ikiwa baridi ukaimwagia maji ya moto, waweza kuurefusha.

Mtungi mkuukuu wa kioo usio na ufa unafaa kuchachushia, mradi mdomo ufunikwe kwa kitambaa tu. Asiye na subira ya kungoja mapovu yaishe achukue chupa ya plastiki ya soda, aibonyeze kila asubuhi. Ikikataa kubonyea, alegeze kifuniko.