Vitabu vya Uendeshaji wa Biashara na Visa vya Nyumbani

Elimu ya kuendesha biashara ilikuwako katika nchi za Waswahili muda mrefu kabla ya kupata vitabu vya kuifundisha. Wafanyabiashara wa Unguja, Lamu, Mombasa na Bagamoyo walijua kutoa mali kwa ahadi, kuandika deni katika daftari, kupeleka fedha kwa hundi, na kugawana faida na hasara kwa kadiri ya hisa. Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya lugha yenyewe. Daftari, hisa, faida, hasara, dalali na stakabadhi ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu; na rasilimali, kwa asili yake, maana yake ni kichwa cha mali, yaani ile fedha ya kwanza ambayo faida yote huota juu yake. Hundi, bima na laki yaliletwa na biashara ya Bara Hindi. Baadaye Kiingereza kilileta risiti, bajeti na meneja. Kwa hiyo mtu atakayeyapanga maneno haya kwa zamu ya kuingia kwake atakuwa amekwisha kuandika nusu ya historia ya biashara ya pwani.

Wala si maneno peke yake yaliyobaki. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode alizichapa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikazitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Wasomaji wengi wamezisoma habari hizo kwa ajili ya safari na vita. Walakini mwenye kuzisoma kwa jicho la mhasibu huona jambo jingine: mtu anachukua bidhaa kwa mkopo Unguja, anakwenda bara kwa miaka mingi, na tajiri wake anangoja pembe. Taria Topan, aliyemkopesha, alingoja zaidi ya miaka kumi katika safari moja. Biashara ile ilikuwa na damu ndani yake, kwani pembe na utumwa vilikwenda njia moja, na haifai kuisimulia kana kwamba ilikuwa safi. Hata hivyo maswali yake ni maswali ya kila mkopeshaji: mdeni anapimwaje, dhamana ni nini mahali pasipo na hakimu, na hasara ya njiani ni ya nani? Mtoro bin Mwinyi Bakari naye, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, aliandika habari za kukopa na kulipa. Hivi vilikuwa visa vya biashara kwa Kiswahili, vimeandikwa na watu wenyewe, kabla ya kuwako chuo cho chote cha biashara katika Afrika Mashariki.

Vitabu vya kufundishia vilipokuja havikuanzia hapo. Njia yao kubwa katika Tanganyika ilikuwa ushirika. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kwanza, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Mwaka 1932 ilitolewa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 chama kile kikafuatwa na Umoja wa Ushirika wa Kilimanjaro, ujulikanao mpaka leo kwa herufi zake KNCU. Kwa kuwa sheria iliagiza kila chama kiwe na kamati, hesabu na mkaguzi, ilibidi wapatikane watu waliofundishwa kazi hizo. Mafunzo yalifuata vitabu vya Uingereza, navyo huanza karibu siku zote na wale watu 28 wa Rochdale waliofungua duka lao mwaka 1844 na kuuza unga, siagi na sukari.

Kisa cha Rochdale ni kizuri, na hapana sababu ya kukidharau. Lakini ni kisa cha wanunuzi. Wale watu wa Rochdale walitaka chakula kisichochanganywa na uchafu, kwa bei ya haki; faida ilirudishwa kwa mwanachama kwa kadiri ya alivyonunua. Mkulima wa Kilimanjaro alikuwa muuzaji. Alileta kahawa ghalani, ikapimwa, akapewa malipo ya kwanza, kisha akangoja malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa mbali, kwa bei asiyoiona, katika soko asilolijua. Tatizo lake kubwa lilikuwa kule kungoja: katika muda ule kati ya malipo mawili, mwanachama alikuwa amemkopesha Umoja wake pasipo kujua kiasi cha deni. Karani aliyehitimu somo la Rochdale aliweza kueleza ugawaji wa faida dukani, wala hakuwa amefundishwa namna ya kumweleza mzee wa Machame kwa nini malipo ya pili ya mwaka huu ni madogo kuliko ya mwaka jana.

Gharama ya upungufu huo ilionekana mwaka 1937. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka kwa sababu ya kudorora kwa uchumi wa dunia, na kanuni ziliwalazimisha wakulima kuuza kwa Umoja peke yake. Wakulima wengi hawakuweza kutofautisha bei ya dunia na makato ya Umoja. Wengine walidhani fedha zimeliwa. Ghasia zikatokea mlimani. Mambo ya siasa yalikuwamo pia, kwani katika kila mvutano wa namna ile ugomvi wa watawala huingia. Lakini kwa mwalimu wa uendeshaji wa biashara, mwaka 1937 ni kisa kamili: bei inaanguka, mwanachama hana njia ya kutoka, na habari hazimfikii. Mkurugenzi afanye nini kwanza: apunguze gharama, afungue vitabu mbele ya mkutano, au aombe kanuni ilegezwe? Kisa cha namna hiyo kingefaa kuwa sura ya kwanza ya kitabu cha ushirika cha Tanganyika, mahali palipokaliwa na Rochdale.

Waliotaka elimu ya juu zaidi walilazimika kuvuka bahari. Paul Bomani, kiongozi wa wakulima wa pamba wa Usukuma, alisoma mambo ya ushirika Loughborough, Uingereza, kabla ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria kuanzishwa mwaka 1955. Baada ya uhuru, mwaka 1963, Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, na katika miaka iliyofuata masomo kwa posta na vipindi vya redio vilipeleka mafunzo vijijini kwa Kiswahili. Hapo ndipo lugha ilipoingia kazini. Mwalimu aliyetaka kueleza mizania kwa mwanakamati ilimpasa kuitafuta picha ya mizani: upande huu tulicho nacho, upande ule tunachodaiwa. Mwanakamati aliijua mizani ya kahawa kabla ya kuijua ya hesabu, na kwa hiyo neno lilifundisha kabla ya mwalimu kufungua kinywa.

Lakini vyama viliongezeka upesi kuliko watu wenye ujuzi. Mwaka 1966 Kamati ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao ilitaja kasoro kubwa, miongoni mwake kwamba wanachama hawakuwa na habari za kutosha juu ya vyama vyao, na kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Ni kasoro zile zile za mwaka 1937, miaka 29 baadaye. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kila badiliko lilitoa maamuzi mengi yaliyostahili kuandikwa kisa kwa kisa, ili waliokuja nyuma wayapime.

Yafaa kukumbuka jinsi mwenendo wa kufundisha kwa visa ulivyoanza. Chuo cha biashara cha Harvard kilifunguliwa mwaka 1908. Wallace Donham, aliyekuwa mkuu wake tangu mwaka 1919, alikuwa mwanasheria, na katika sheria wanafunzi walifundishwa kwa kusoma kesi. Biashara haikuwa na kesi zilizochapwa. Kwa hiyo walimu walitoka wakazitafuta katika makampuni ya nchi yao, na mwaka 1920 Melvin Copeland akatoa kitabu cha matatizo ya uuzaji. Mwenendo huo, basi, ulizaliwa kwa kukosa vitabu na kwa kwenda kuuliza jirani. Wale walioupeleka nchi nyingine kwa kuchukua visa vya Boston walichukua ganda wakaacha kiini. Ahmedabad, ambako taasisi ya uongozi ilianzishwa mwaka 1961 kwa kushirikiana na Harvard, walimu walijifunza mwenendo kisha wakaandika visa vya Bara Hindi. Karibu nao, Anand, ulikuwako umoja wa wafugaji wa maziwa ulioanza mwaka 1946, nao ukawa kisa cha kufundishia. Shirika la Kazi la Dunia nalo, kwa mpango wake wa vifaa vya mafunzo ya ushirika ulioanza mwaka 1978 kwa msaada wa Sweden, lilitoa miongozo iliyokusudiwa kurekebishwa katika kila nchi.

Neno lenyewe linastahili kufikiriwa. Wataalamu wa leo husema uchunguzi kifani, na limekubaliwa. Kesi hupeleka mawazo mahakamani, na mfano huleta jibu pamoja na swali, kwa maana mwenye kutoa mfano amekwisha kujua anachotaka kuonyesha. Kisa kina maana mbili zinazofaa: ni habari ya jambo lililotokea, na ni sababu yake pia, kama mtu anaposema, “Kisa ni nini?” Mwanafunzi anayepewa kisa huulizwa mambo hayo hayo mawili.

Chuo cha Moshi kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2014, na masomo ya chuo kikuu katika Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Mikutano ya vyama vya msingi hufanywa kwa Kiswahili, na pengine kwa lugha za wilayani. Hapa ndipo penye ugumu. Kisa cha biashara ni maneno ya watu walioamua. Mjumbe aliyesimama mkutanini akasema kwamba mwenyekiti amepewa dhamana, amesema mambo matatu kwa neno moja: rehani, wajibu na kuaminiwa. Kiingereza kitamlazimisha mwandishi kuchagua moja, na mengine mawili, ambayo labda ndiyo yaliyoleta ugomvi, yatapotea. Mwanafunzi atasoma kisa cha Moshi kilichopunguzwa, kisha atatumwa kukagua chama ambacho watu wake husema kwa utimilifu.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya watu wawili pamoja, mwalimu wa biashara na mwanafunzi wa lugha. Madaftari ya vyama, kumbukumbu za mikutano na wazee waliowahi kuwa makarani ni ghala lisilodumu milele. Karatasi huliwa na mchwa, nao wazee huondoka. Ghala hilo likifunguliwa mapema, na yaliyomo yakiandikwa kwa maneno yaliyotumika siku ile, wanachama watapata kitabu ambacho wataweza kukisoma, na kukikosoa, bila mkalimani.