Vita vya Korosani vyatimiza miaka 120, Njombe inasubiri nini?

Septemba 2025 ilitimia miaka 120 tangu wapiganaji wa mtawala Mbeyela waivamie misheni ya Yakobi, Njombe. Uvamizi huo ulikuwa sehemu ya Vita vya Maji Maji, ambavyo kitaifa hukumbukwa Songea kila Februari. Huko kuna makumbusho, na huko ndiko Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikoomba radhi Novemba 2023. Basi linaloiacha barabara kuu Makambako kwenda Songea hupita Njombe, na abiria wengi hawajui kwamba hapo nako damu ilimwagika.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walikuwa Lupembe tangu 1899, kisha wakajenga Yakobi. Mwaka 1905 moto wa vita ulioanzia Umatumbi mwezi Julai, watu walipong'oa pamba ya Wajerumani, ulipanda hadi Ubena, nchi ya Wabena wa Njombe. Mkuu wa misheni ya Yakobi alikuwa Mchungaji Paul Gröschel, ambaye wenyeji walimwita Korosani. Mbeyela aliposhambulia, Korosani na waliokuwa upande wake walijibu kwa risasi, na misheni haikuanguka. Mwaka 1911 mchungaji huyo alichapisha kitabu cha miaka yake kumi huku, na kwa muda mrefu aliyesikika zaidi alikuwa yeye.

Wazee wa Yakobi wana yao. Mwanahistoria James Giblin alipowasikiliza, walimsimulia "vita vya Korosani": habari ya majirani, ndugu na watawala waliojuana kwa majina, iliyo mbali na ile ya vitabu vya shule. Mwenzake, Seth Nyagava, aligusa kidonda kingine: je, Wabena walikuwa wasaliti? Mbeyela alipigana na Wajerumani, lakini Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, alikufa katika vita hivyohivyo akipigana upande wa Wajerumani. Nyagava anataka kila mtawala apimwe kwa maadui na marafiki aliokuwa nao wakati ule. Yuko sahihi. Anayewaita Wabena wasaliti leo anawahukumu kwa taifa ambalo halikuwapo.

Kisha Wajerumani walichoma vyakula, na njaa ikamaliza kazi ya bunduki. Yaliyofuata baada ya vita yanajulikana: mashamba ya chai Lupembe, miwati Kibena, na sasa parachichi.

Lakini simulizi za vita hazijulikani hivyo: tafiti za Giblin na Nyagava zimo katika kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa Ulaya mwaka 2010. Mwanafunzi wa Yakobi ataipata wapi simulizi ya babu yake? Iringa wameonyesha njia. Boma lao la Kijerumani liligeuzwa makumbusho mwaka 2016, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa.

Njombe haihitaji jengo kwanza. Halmashauri, kanisa na walimu wa historia wakae na wazee, watembee nao uwanja wa vita, warekodi kila upande, kisha waweke vibao kwa Kiswahili na Kibena. Wasisubiri mradi wa wafadhili: wazee hawasubiri bajeti.