Anwani moja, wagawaji wawili: historia ya namba zinazoendesha mtandao

Abiria anayepanda kivuko katikati ya jiji la Mwanza kwenda Kamanga, ng'ambo ya ghuba katika Wilaya ya Sengerema, huimaliza safari akiwa kwenye simu. Anauliza bei ya sangara, anatuma pesa, anafuatilia matokeo ya mechi. Katikati ya maji simu yake huachana na mnara wa upande wa jiji na kudaka mwingine, naye hata hajui. Anwani ya IP ya simu hiyo, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, haikutolewa na mnara. Ilitolewa na mitambo iliyo ndani zaidi ya mtandao wa kampuni ya simu, ndiyo maana hashuki nayo gati la Kamanga ikiwa imebadilika.

Mitambo hiyo ikizimika, nani atagawa? Swali hilo limewasumbua mafundi wa mitandao kwa zaidi ya miaka 40. Kuweka mgawaji wa pili hakukuwahi kuwa tatizo kubwa, kwa kuwa kompyuta zinauzwa. Kilichowatoa jasho ni kuhakikisha wagawaji wawili, kila mmoja akifanya kazi yake kwa nia njema, hawampi Juma na Neema namba moja.

Daftari la mtu mmoja

Mwanzoni hapakuwa na mtambo wa kugawa chochote. Mtandao wa ARPANET ulipopitisha ujumbe wake wa kwanza Oktoba 1969, kompyuta zake zilihesabika kwa vidole. Jon Postel, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alijitwika jukumu la kuandika nani amepewa namba gani. Kazi hiyo ilikuja kuitwa IANA, na kwa miaka mingi aliifanya katika taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Southern California, hadi alipofariki Oktoba 16, 1998.

Septemba 1981 Postel alihariri waraka uliofafanua toleo la nne la itifaki ya intaneti, IPv4. Anwani zake zina nafasi 32 za sifuri na moja, kwa hiyo jumla yake haiwezi kuzidi 4,294,967,296. Januari 1, 1983 ARPANET yote ilihamia kwenye itifaki hiyo.

Daftari la Postel liligawa mafungu ya namba kwa taasisi. Ndani ya taasisi, msimamizi aliandika anwani kwa mkono kwenye kila mashine. Akikosea akaiandika namba moja mara mbili, mashine hizo zilinyang'anyana mawasiliano, na mara nyingi hakuna aliyejua kwa nini mtandao unakuja na kuondoka.

Mwaka 1984 watu wa Stanford walitoa itifaki iliyoitwa RARP, kwa ajili ya mashine zisizo na diski ambazo zilisahau kila kitu zilipozimwa. Mashine ikiwaka iliuliza mtandao mzima: mimi ni nani? Kasoro yake ilikuwa kwamba swali halikuvuka ruta, hivyo kila kipande cha mtandao kilihitaji seva yake. Septemba 1985 Bill Croft na John Gilmore wakaleta BOOTP, ambayo swali lake liliweza kupokelewa na kupelekwa kwenye seva iliyo mbali. Hata hivyo jedwali la majina na namba bado lilijazwa kwa mkono, na aliyepewa anwani alikuwa nayo moja kwa moja.

Kukodisha badala ya kugawa

Mabadiliko makubwa yalikuja Oktoba 1993. Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania, alichapisha itifaki ya DHCP. Ilijengwa juu ya BOOTP, lakini ikaleta wazo jipya: anwani haigawiwi tena, inakodishwa. Seva inampa mteja namba kwa muda maalumu, na muda ukiisha bila kuhuishwa, namba inarudi ghalani. Toleo la Machi 1997 ndilo linalotumika mpaka leo katika ofisi, vyuo, hospitali na nyumba za wageni.

Wazo hilo lilibeba ndani yake kinga ya kwanza dhidi ya kuzimika. Nusu ya muda wa kukodi ikipita, mashine humwendea mgawaji wake kuomba kuongezewa. Asipojibu, inaendelea kuitumia anwani ile ile huku ikimtafuta. Muda ukifika asilimia 87.5, inamwomba mgawaji yeyote aliyepo. Kwa hiyo katika ofisi inayokodisha anwani kwa siku 8, seva ikifa usiku wa manane, mashine zilizokuwa zikihuisha kama kawaida zina siku 4 au zaidi kabla ya kupoteza anwani. Wanaoumia mara moja ni wageni. Kompyuta iliyokosa mgawaji hujipachika yenyewe namba inayoanza na 169.254, na fundi akiiona tu anajua tatizo liko wapi.

Mtu angeweza kusema: basi tukodishe kwa mwezi mzima. Lakini mahali penye watu wa kuja na kuondoka, kama mapokezi ya hoteli au ukumbi wa mihadhara, simu za walioondoka jana zingeshikilia namba ambazo wa leo wanazihitaji. Muda mrefu unalinda dhidi ya seva kufa, muda mfupi unalinda dhidi ya namba kuisha. Kila msimamizi anachagua ni hatari gani anaiogopa zaidi.

Seva mbili zisizosikizana

Itifaki ya Droms iliruhusu seva zaidi ya moja. Mteja anapaza sauti, kila seva inatoa ofa, anachagua mojawapo. Ila kila seva ilikuwa na daftari lake, na itifaki haikusema yatapatanishwa vipi.

Mafundi wakaanza na njia ya kugawana. Kati ya anwani 250, seva kuu ilipewa 200 na ya akiba 50, mgawanyo ambao wengi wanaujua kama kanuni ya 80 kwa 20. Namba haziwezi kugongana kwa kuwa mafungu hayaingiliani. Lakini seva kuu ikilala muda mrefu katika ukumbi wenye simu 150, ile ya akiba inaishiwa huku namba 200 zimekaa bure.

Kuanzia mwaka 1997 kikundi kazi cha IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti, kilianza kuandika utaratibu wa seva mbili kushirikiana daftari. Droms alikuwemo, pamoja na Kim Kinnear na wenzao. Rasimu ilifikia toleo la 12 Machi 2003, ikaishia hapo bila kupitishwa kuwa kiwango rasmi. Hata hivyo watengenezaji wa programu hawakuisubiri. Programu ya bure ya shirika la ISC iliingiza utaratibu huo katika toleo lake la 3.0 mwaka 2001, na Microsoft ikaja na wake katika Windows Server 2012.

Ugumu wa kazi hiyo unaeleweka vizuri ukitazamwa kutoka Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi ghuba hii ilivukwa kwa kivuko cha Kamanga na kile cha Kigongo–Busisi, kabla ya Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, kuzinduliwa Juni 19, 2025. Kamanga pakisimama, gari liligeuzwa kwenda Kigongo, basi. Nahodha wa huku hakuhitaji kumuuliza wa kule kitu chochote. Seva mbili za anwani hazina uhuru huo. Zinafanana na vibanda viwili vinavyouza viti vya chombo kimoja: simu kati yao ikikatika, kila karani hajui mwenzake kauza kiti gani.

Hapo ndipo penye fundo. Seva ya kwanza ikiacha kumsikia mwenzake, kuna mambo mawili yanayowezekana: mwenzake amekufa, au waya kati yao umekatika na mwenzake yu hai, anaendelea kukodisha. Kwa aliye upande huu, hali hizo mbili hazina tofauti. Akidhani mwenzake amekufa na kuchukua namba zake zote, na kumbe yu hai, namba zitagongana.

Rasimu ilijibu kwa kanuni tatu. Kwanza, namba zilizo wazi zigawanywe mapema wakati seva zote mbili ni wazima, ili mawasiliano yakikatika kila mmoja awe na za kuanzia. Pili, seva isimwahidi mteja muda unaozidi ule ambao mwenzake ameukubali, isipokuwa kwa nyongeza ndogo inayojulikana na wote wawili, ambayo kwenye Windows huwekwa saa moja kama haikubadilishwa. Ndiyo maana mteja mpya hupewa kwanza muda mfupi, na muda kamili hufuata baada ya seva ya pili kuthibitisha. Tatu, ukimya peke yake si ushahidi wa kifo. Seva inayosikia kimya huingia hali ya tahadhari, inahudumia lakini haigusi fungu la mwenzake. Ili ichukue vyote, ni lazima mtu mwenye mamlaka atangaze kwamba mwenzake amekufa, au muda uliowekwa na mtu huyo upite, na hata hapo isubiri kwanza ile nyongeza imalizike.

Kwa anwani za IPv6 utaratibu kama huo ulipata kiwango rasmi Juni 2017. IPv6 pia ilikuja na njia ya mkato, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1996: ruta inatangaza sehemu ya mbele ya anwani, mashine inajitungia iliyobaki na kuuliza kama kuna mwingine anayeitumia. Seva ya kugawa haihitajiki. Nayo programu ya zamani ya ISC ilistaafishwa mwaka 2022, nafasi yake ikachukuliwa na Kea, iliyopata uwezo wa seva pacha tangu 2018.

Mgawaji wa bara

Wakati mafundi wakihangaika na seva za ofisini, swali hilo hilo lilikuwa linapanda ngazi. Intaneti ilikuwa imekua kupita uwezo wa daftari moja, na mabara yakaanza kupata wasajili wao. Afrika haikuwa na wa kwake. Nchi zilizo kaskazini mwa ikweta zilihudumiwa na RIPE NCC ya Amsterdam, na zilizo kusini zilihudumiwa na ARIN ya Virginia, Marekani. Ikweta inalikata Ziwa Victoria lenyewe upande wa kaskazini, na Mwanza iko kusini mwake.

AFRINIC, msajili wa Afrika, ilitambuliwa rasmi Aprili 2005, makao yake yakiwa Mauritius, chini ya Adiel Akplogan kutoka Togo. Waanzilishi wake hawakutaka kila kitu kikae kisiwani. Uendeshaji wa kiufundi ulipelekwa Afrika Kusini, hifadhi ya dharura Misri, na uratibu wa mafunzo Ghana. Kwa fundi yeyote, huo ulikuwa mpango wa kujivunia: janga la nchi moja lisingeweza kulifuta daftari la bara.

Februari 3, 2011 IANA iligawa mafungu matano ya mwisho ya IPv4, moja kwa kila msajili, kila fungu likiwa na anwani 16,777,216. Namba zilizokuwa bure zikageuka mali adimu, na mali adimu haikosi kesi. Julai 2021, katika mgogoro kati ya AFRINIC na kampuni ya Cloud Innovation juu ya mamilioni ya anwani, mahakama ya Mauritius ilizuia akaunti za benki za msajili huyo. Mwaka uliofuata AFRINIC ikabaki bila mtendaji mkuu, na bodi ikakosa akidi. Septemba 2023 mahakama ikaweka msimamizi. Uchaguzi wa Juni 2025 ulibatilishwa, na bodi mpya ikapatikana Septemba mwaka huo.

Katika misukosuko yote hiyo kanzidata iliendelea kujibu. Waliokwisha kupewa anwani waliendelea kuzitumia, sawasawa na mashine ambazo seva yao imezimika lakini muda wao wa kukodi haujaisha. Mitambo ilikuwa na nakala. Akaunti ya benki, bodi na mahakama havikuwa nayo.

Afrika Mashariki ilipata somo linalofanana na hilo Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika kwa wakati mmoja upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi ambazo intaneti yake ilizorota kwa siku kadhaa. Nyaya ni mbili, zenye wamiliki tofauti, lakini zinapita bahari moja. Ndani ya jengo la ofisi Mwanza mambo hayatofautiani sana: seva mbili za anwani zilizo kwenye chumba kimoja, swichi moja na betri moja ya akiba, ni seva moja iliyonunuliwa mara mbili.

Bado kuna jambo ambalo ofisi ndogo inaweza kuwa imelitatua kabla ya dunia nzima. Hati ya mwaka 2001 inayoongoza utambuzi wa wasajili wa anwani inaeleza namna bara linavyompata msajili. Haielezi nani atangaze kwamba msajili ameshindwa, kwa ushahidi gani, na nani apokee daftari lake. Ni baada ya yaliyoikuta AFRINIC ndipo jumuiya ya wasajili ilipoanza kuiandika upya, na rasimu zake zikatolewa kwa maoni mwaka 2025. Mafundi wa DHCP walikuwa wameshaliandika jibu lao zaidi ya miaka 20 kabla: mtaje anayeruhusiwa kutangaza kifo, mpangie muda wa kusubiri, na fanyeni hivyo wakati wote wawili bado wanasikizana.